Jina litatokea: tathmini ya uthibitisho wa jina kwenye pesa za simu, kwa mtumiaji mwenye umri mkubwa

Kinachotathminiwa hapa ni kipengele kimoja tu cha pesa za simu: ile hatua ya kuonyeshwa jina la mpokeaji wakati wa kutuma. Kenya kinaitwa Hakikisha, kwenye M-Pesa ya Safaricom. Tanzania hakina jina la kibiashara. Ukipiga *150*00# ya Vodacom au *150*60# ya Airtel, ukaandika namba ya mpokeaji na kiasi, jina lake linakuja lenyewe kabla hujaingiza namba ya siri. Tumekipima kwa swali moja: kinamsaidia kiasi gani mtu wa miaka 65 na kuendelea anayetuma pesa mwenyewe, bila mjukuu pembeni?

Kwa kosa la kidole, kinastahili alama zote. Kwa utapeli ni dhaifu, na udhaifu huo unamwelemea mzee kuliko kijana. Sababu si ujinga, wala si ushamba wa simu kama vijana wa nyumbani wanavyopenda kusema. Sababu ni kwamba umri hubadilisha namna mtu anavyompima mtu mwingine, hasa mtu asiyemwona, na kipengele hiki kimetengenezwa bila kulizingatia hilo.

Kilichotengenezwa kukizuia, kinakizuia

M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, mtumaji alilijua jina la mpokeaji kwenye SMS ya uthibitisho, yaani pesa ikiwa imeshaondoka. Ukikosea tarakimu moja kati ya kumi, pesa iliingia kwa mtu baki, na kuipata tena kulitegemea utu wake au kasi yako ya kupiga huduma kwa wateja. Kwa mtu ambaye macho yake hayasomi tena karibu bila miwani, anayehamisha namba kutoka kwenye kikaratasi kwenda kwenye simu ya vitufe, hili lilikuwa tatizo la kila wiki. Jina kuonekana mapema ni dawa yake kamili. Mzee anayemtumia binti yake akaona jina la mwanaume asiyemjua anarudi nyuma, anaandika upya, yamekwisha.

Lakini jina hilo linajibu swali moja tu: laini hii imesajiliwa kwa nani? Halijibu swali la pili, ambalo ndilo zito: aliyeniomba nitume ni nani? Matapeli wamejenga biashara yao yote katikati ya maswali hayo mawili.

Itazame SMS ambayo kila mwenye laini Tanzania ameshaipokea: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litatokea fulani wa fulani." Ni mstari mmoja, na umepangwa kwa ustadi mkubwa. "Ile hela" inachukulia kwamba mlishakubaliana, kwa hiyo msomaji anaanza kutafuta kichwani ni hela gani, na mtu mwenye ada ya mjukuu, deni la mbolea au mchango wa harusi hakosi ya kuipata. Nusu ya pili inalitaja jina kabla mtandao haujalitaja. Mzee anaandika namba, jina linakuja lilelile aliloambiwa, na badala ya kushtuka anatulia. Kipengele cha ulinzi kimegeuka shahidi wa tapeli. Kasoro nyingine zote za kipengele hiki zinavumilika; hii haivumiliki, na hatujaona mtandao ulioitatua kwenye menyu yenyewe. Lingesaidia swali moja la ziada pale namba inapokuwa mpya kwa mtumaji: "Hujawahi kumtumia mtu huyu. Umempigia simu kwa namba yake ya zamani?" Mtandao una kumbukumbu za miamala, kwa hiyo kujua kwamba namba ni mpya si kazi ngumu.

Kwa nini mzee zaidi

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akiwemo Shelley Taylor, waliwaonyesha vijana na wazee picha za nyuso za watu: wa kuaminika, wa kati, na wa kutiliwa shaka. Kwa makundi mawili ya kwanza, wazee na vijana walikadiria karibu sawa. Tofauti ilitokea kwenye nyuso za kutiliwa shaka: wazee waliziona ni za kuaminika zaidi kuliko vijana walivyoziona. Vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba insula ya mbele, sehemu inayohusika na ile hisia ya tumboni kwamba hapa pana kitu si sawa, iliamka kwa kiwango kidogo kwa wazee kuliko kwa vijana. Kwa hiyo tusiseme mzee anamwamini kila mtu. Kinachopungua ni kengele ya awali, ile inayolia kabla ya kufikiri.

Kuna utafiti mwingine unaokwenda upande huohuo. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi uliofanywa na Ted Ruffman na wenzake mwaka 2008 ulionyesha kwamba kutambua hasira na huzuni kwenye sura na sauti za watu hupungua uzeeni. Laura Carstensen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, amefafanua kwa miaka mingi kwa nini mtu anayejua kwamba muda wake uliobaki ni mfupi huelekeza moyo kwenye mema na kwenye watu wa karibu. Na mtu mwenye shauku ya watu wake ndiye anayejibu haraka mtoto "anapokwama njiani".

Sasa iongeze simu yenyewe. Simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, yaani sauti nyembamba za juu hukatwa. Masikio ya uzeeni huanza kupoteza sauti za juu kwanza, zile zinazotofautisha s, f na sh. Ukiunganisha hayo mawili, sauti ya mwanao na ya mtu baki wa rika lake, ikisemwa kwa haraka na kwa kunong'ona, zinakaribiana mno. Tapeli anajua, ndiyo maana anasema simu yake imeanguka majini, ameazima hii, mtandao unakatika. Kila kisingizio kinaeleza mapema kwa nini sauti si ile iliyozoeleka.

Na anaanza na shikamoo. Hilo lisipite hivihivi, maana ndipo taswira inapojengwa. Kwa mtu aliyelelewa zamani, salamu ndiyo kipimo cha kwanza cha malezi: anayesalimia vizuri, akauliza hali ya nyumbani, akasubiri marahaba, ametoka kwenye watu. Ni kipimo kizuri pale kijijini, ambako msalimiaji ana baba anayejulikana na hawezi kutoweka. Kwenye simu hakimgharimu chochote.

Kosa la upande wa pili lipo pia, na huzungumzwa kwa nadra. William von Hippel na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba uwezo wa kuzuia fikra zinazojileta zenyewe hupungua kwa umri, na mzee huelemea kwenye dhana za jumla kuhusu makundi ya watu hata pale asipotaka. Matokeo yake nyumbani: kijana wa bodaboda mwenye rasta, mwaminifu wa miaka, anatiliwa shaka, na mwenye shati lililopigwa pasi na kitambulisho kifuani anapewa simu ashike.

Pamoja na hayo yote, lazima isemwe wazi: haijathibitika kwamba wazee kwa jumla wanatapeliwa kuliko vijana. Michael Ross na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walipitia ushahidi uliokuwepo mwaka 2014 wakakuta hauungi mkono dai hilo. Wazee wana uzoefu, wana tahadhari, na wengi hawanunui ovyo. Anayewanyang'anya simu "kwa usalama wao" anawakosea. Tofauti ni kwamba mzee akipigwa, akiba ya miaka thelathini haina miaka mingine thelathini ya kurudi.

Dakika moja mbele ya kioo: Kenya na Tanzania

Kwenye menyu ya laini ya Safaricom, Hakikisha huja baada ya namba ya siri kuingizwa. Kisanduku kinatokea chenye jina na kiasi, na mtumaji ana sekunde chache za kusitisha kwa kuandika herufi au tarakimu yoyote na kuituma. Asipofanya kitu, muamala unaendelea. Kwa mtumiaji wa miaka 30 mpango huu ni wa haraka na hauna kero. Kwa mzee umepinda mahali pawili. Kwanza, kunyamaza kunahesabiwa kuwa kukubali, wakati mtu anayesoma polepole ananyamaza kwa sababu bado anasoma. Pili, namba ya siri kichwani mwake ndiyo sahihi ya mwisho: akishaiweka, kazi imekwisha, miwani inavuliwa, simu inawekwa mezani. Kinachokuja baada ya sahihi hakisomwi kwa uzito.

Mpangilio wa Tanzania, jina kwanza na namba ya siri baadaye, tunauona ni bora kwa mzee. Hapo kunyamaza kunamaanisha hapana: asipoweka namba ya siri, hakuna kinachotoka. Kasoro yake ni muda wa menyu. Kipindi cha USSD, yaani menyu hizi za *150*, kikikaa bila kujibiwa hukatika, na mzee aliyesimama kulinganisha jina na kikaratasi anatupwa nje, anaanza upya kuanzia namba ya kwanza. Akitupwa mara mbili, ya tatu anaharakisha bila kusoma. Huo ni uharakishaji uliotengenezwa na mfumo.

Programu za simu janja zina maandishi makubwa, zinaruhusu kuchagua mpokeaji kwenye orodha ya majina, na zinaonyesha jina bila kukurupusha mtu. Kwa mzee mwenye simu janja, zitumike hizo. Angalizo ni alama ya kidole: ngozi ya vidole vya mtu aliyelima, aliyefua au aliyevua samaki maisha yake yote imelika, na kisomaji cha alama za vidole kinaikataa mara kwa mara. Namba ya siri inafaa zaidi, na inampa nukta ya kupumua.

Tatizo moja linazikumba nchi zote mbili, nalo ni usajili wa laini. Mtu anajulikana kama Mama Asha. Laini imesajiliwa kwa jina la kitambulisho ambalo jirani yake wa miaka ishirini halijui. Fundi bomba anatumia laini ya mkewe. Mjukuu anatumia laini aliyosajiliwa na mjomba. Kwa hiyo mzee mwenye mawasiliano mapana amezoea majina yasiyolingana, na mara nyingi yalikuwa halali. Onyo linalokosea mara nyingi huacha kusikika. Dawa yake ni ya nyumbani: kila mwanafamilia atumie laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, na mzee aambiwe jina hilo kamili, lile la kitambulisho, si la utani.

Kinachomfaa mzee: tabia, na muda wa kuitazama

Thomas Hess wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina ametumia miaka mingi kuchunguza hasa jambo hili, jinsi watu wazima wanavyojenga taswira ya mtu kutokana na matendo yake. Katika kazi aliyoitoa na Corinne Auman mwaka 2001, watu wa umri mkubwa walionekana hodari wa kuchagua tendo lenye kueleza tabia. Wanajua kwamba tendo moja la udanganyifu linamweleza mtu kuliko matendo kumi ya ukarimu, na wanalipa uzito wake. Kwa maneno mengine, sura, sauti na salamu zinamchanganya mzee, lakini tendo halimchanganyi, mradi apewe nafasi ya kulitazama.

Ndiyo maana mafunzo mengi wanayopewa wazee tunayaona yamekaa kichwa chini. Yanawafundisha kumtambua tapeli: ana sauti hii, anasema hivi, anatumia namba zinazoanza na hizi. Wafundishwe matendo. Anayekuzuia kukata simu. Anayekutaka usimwambie mtu. Anayekuharakisha. Anayetaka ubonyeze namba huku anakuelekeza. Mtu mwaminifu, hata akiwa na dharura ya kweli, hana sababu ya kufanya hata moja kati ya hayo, na mzee yeyote aliyeishi na watu ataelewa hilo kwa sentensi moja.

Tendo la kwanza la mzee mwenyewe liwe moja: kukata simu. Asijadiliane, kwa sababu majadiliano ndiyo uwanja wa tapeli. Akate, kisha ampigie anayedaiwa kuwa mpigaji kwa namba ya zamani, ile iliyohifadhiwa. Ikiwa haipatikani, na tapeli alishasema haitapatikana, ampigie mtu wa pili katika familia. Dharura ya kweli haisafiri kwa njia moja tu: mtoto aliyelazwa hospitali ana mwenzake, ana jirani, ana mwenye nyumba. Ikiwa hakuna hata mmoja anayejua, pesa isubiri hadi asubuhi. Kusubiri asubuhi kuna faida ya pili: tafiti za Lynn Hasher na Cynthia May zinaonyesha kwamba wazee wengi ni watu wa asubuhi, na uwezo wa kupuuza yasiyohusika hushuka kadiri jioni inavyoingia. Muamala mkubwa ufanywe kabla ya saa sita mchana, hata kama mpokeaji ni halali.

Familia iwe pia na swali lake, lenye jibu ambalo haliko kwenye status wala Facebook. Jina la shule halifai, siku ya kuzaliwa haifai. Jina la ng'ombe wa zamani, au aliyeanguka kwenye kisima, linafaa. Lisiandikwe popote.

Kuiandaa simu ya mzee

Kazi hii inachukua kama saa moja, na mzee akae nayo mwanzo hadi mwisho, simu ikiwa mkononi mwake.

Anza na majina. Hifadhi namba za watu watano hadi saba wanaopokea pesa zake kweli, na uzihifadhi kwenye laini pia, si kwenye simu pekee, ili simu ikiharibika majina yahame na laini. Laini haibebi majina marefu. Yakizidi hukatwa mwishoni, kwa hiyo weka neno linalotofautisha mwanzo: "ASHA BINTI", "JUMA DUKA", si "Mwanangu mpendwa Asha". Kisha andika kikaratasi kigumu, maandishi makubwa ya kalamu nzito, chenye namba hizohizo na mbele ya kila moja jina la usajili kama linavyotokea kwenye kioo. Lipate kwa kutuma kiasi kidogo kwa kila mmoja mkiwa pamoja. Hapohapo mtagundua laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Kikaratasi kikae ndani ya kasha la miwani. Namba ya siri isiandikwe hapo, wala isiwe mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu kitambulisho kinautaja.

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mzee. Isiyojulikana ipelekwe kwenye duka la mtandao husika ifungwe.

Kisha punguza kilichomo. Hatua hii ina nguvu kuliko mafunzo yote, na wengi wanairuka. Kenya, salio la M-Pesa linaweza kufika shilingi 500,000 na muamala mmoja shilingi 250,000. Hakuna mzee anayehitaji kiasi hicho kikae kwenye simu. Pensheni au pesa za watoto zikiingia, kiasi cha matumizi ya wiki moja au mbili kibaki, kilichobaki kihamishiwe mahali ambapo kukitoa kunataka hatua ya ziada: akaunti ya benki isiyounganishwa na simu, au akiba ya kufunga kama ile ya M-Shwari, huduma ya akiba ndani ya M-Pesa ya Kenya, ambayo kuivunja kabla ya wakati kunahitaji kuomba na kusubiri. Kusubiri huko ndiko tunakokusifu. Tapeli hana siku mbili. Ana dakika kumi za kukushikilia kwenye simu.

Kosa la kawaida katika maandalizi haya ni mtoto kuchukua simu na kufanya kila kitu haraka, kisha kumrudishia mzee ikiwa na namba ya siri mpya asiyoikumbuka. Wiki ijayo mzee anamwomba wakala amsaidie, na siri imetoka nje ya nyumba siku ya kwanza.

Maonyo ya mitandao

Hapa tuna lawama ya kweli. Mwaka 2005 Ian Skurnik na wenzake walichapisha jaribio ambalo kila mwandishi wa SMS za tahadhari angepaswa kulijua. Waliwapa vijana na wazee madai, wakawaambia baadhi ni ya uongo, mengine wakayarudia mara tatu kwamba ni ya uongo. Baada ya siku tatu, wazee walioambiwa mara tatu ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuyakumbuka kuwa ni kweli. Walichokumbuka ni dai. Lebo ya "uongo" ilikuwa imefutika, na dai lililozoeleka lilikuwa limeanza kufanana na ukweli.

Kwa hiyo SMS inayosema "Usiamini ujumbe unaosema umeshinda zawadi, piga namba hii" inapanda mbegu ya zawadi. Picha za jumbe za matapeli zinazosambazwa kwenye makundi ya familia, zikiwa na alama nyekundu ya X juu yake, zinafanya kosa lilelile, kwa nia njema kabisa. Kinachobaki kichwani kwa mzee kiwe sentensi ya kweli, fupi, inayosema la kufanya. Mfano mzuri tulionao ni wa Safaricom: simu ya kampuni kwa mteja hutoka 0722 000 000 tu. Kauli hiyo haitaji utapeli wowote, na hata ikikumbukwa nusu haileti madhara. Kwa nyumbani itungwe inayofanana nayo: "Pesa inatumwa kwa namba zilizo kwenye karatasi tu." Irudiwe mara nyingi kadiri itakavyowezekana, hapa kurudia kunasaidia.

Namba za kuripoti zipo na ni rahisi. Tanzania, ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda 15040. Kenya, kwa wateja wa Safaricom, ni 333. Mzee anaweza kufundishwa kusambaza ujumbe na kuufuta papo hapo, na kuufuta ni muhimu kuliko kuusambaza: ujumbe unaobaki kwenye simu unasomwa tena, na ukisomwa mara ya tatu umeshakuwa wa kawaida.

Wakala wa mtaani

Kwa wazee wengi huduma yenyewe ni wakala, menyu ni jambo la pembeni. Wakala mzuri ni hazina: anamjua mteja kwa jina, anamsubiri avae miwani, anamkatalia asipoelewa anatuma wapi. Wako mawakala waliookoa akiba za watu kwa kuuliza tu, "Mama, huyu unayemtumia unamfahamu?" Swali hilo ndilo tulilosema menyu inapaswa kuuliza, na wakala analiuliza bila programu yoyote.

Hatari iko kwenye mazoea. Atsunobu Suzuki aliripoti mwaka 2018 kwamba wazee huendelea kuegemea sura ya mtu wanapomkadiria uaminifu wake, hata baada ya kupata taarifa za matendo yake. Kibandani maana yake ni hii: mhudumu mwenye uso mwema anayekosea hesabu mara mbili anaweza kubaki "kijana mzuri" kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Kumwambia mzee "usimwamini" ni kumgombanisha na mtu anayempenda, na hatakubali. Kinachofanya kazi ni utaratibu usiomhusu mtu. Kutoa pesa kunaanzishwa na mteja mwenyewe kwenye simu yake: namba ya wakala, kiasi, jina la wakala likitokea, namba ya siri. Ikiwa anahitaji msaada, asaidiwe hadi hatua inayotangulia namba ya siri, kisha simu irudi mikononi mwake. Asiondoke dirishani kabla SMS haijaingia na salio halijasomwa kwa sauti. Noti zihesabiwe juu ya kaunta, si njiani. Afanye hivyo kwa kila wakala, mpole na mkali, na hakuna atakayejiona ametuhumiwa.

Wakala anayesema "nipe tu namba ya siri mzee wangu, tusikucheleweshe" aachwe siku hiyohiyo, hata kama hajawahi kuchukua shilingi.

Ikishatoka

Kasi ya dakika za kwanza ndiyo inayoamua. Kenya, SMS ya muamala husambazwa kwenda 456 kuomba urejeshaji. Tanzania, piga 100 kwa mtandao wako uwe na namba ya kumbukumbu ya muamala iliyo kwenye SMS. Ikiwa pesa bado iko kwenye laini ya mpokeaji, kuna uwezekano wa kuizuia. Ikiwa imeshatolewa kwa wakala, mtandao hauirudishi, na kinachofuata ni polisi: namba ya taarifa unayopewa kituoni, RB Tanzania, OB Kenya, ambayo huombwa mahali pengi unapofuatilia.

Pesa ikishatoka, tofauti na ujumbe wa kawaida wa kitapeli, usifute chochote hadi hapo. SMS ya tapeli, SMS ya muamala na orodha ya simu zilizoingia vipigwe picha kwa simu nyingine, kwa sababu simu ya vitufe husukuma rekodi za zamani nje zinapoingia mpya. Na mwenye simu asigombezwe mbele ya watu. Mzee aliyeaibishwa hataripoti mara ya pili, na matapeli huuziana na kurudia namba za waliowahi kutuma: ndani ya siku chache atapigiwa na "ofisa" mwenye sauti ya upole anayetaka ada ndogo ili amrudishie pesa yake yote.